Agosti 2, 1998: Shambulio lililowashtua raia, si wakubwa

Ilikuwa Jumapili. Watu wa Goma na Bukavu waliamka wakajiandaa kwenda ibadani, na siku hiyo hiyo redio ya Goma ikatangaza kwamba jeshi limeamua kumwondoa madarakani Rais Laurent-Désiré Kabila. Mwandishi wa mistari hii alikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Bukavu. Wazee wa mtaani walituambia ni ugomvi wa wanajeshi tu, utakwisha kabla shule hazijafunguliwa.

Haukwisha. Ugomvi huo ulileta katika ardhi ya Kongo majeshi ya nchi saba: Rwanda, Uganda na Burundi upande mmoja, Angola, Zimbabwe, Namibia na Chad upande wa pili.

Wapo wasomaji wetu, wa nyumbani na wa ughaibuni, wanaoamini kuwa vita ile ilizuka ghafla. Tunaomba kutofautiana nao. Kilichokuwa cha ghafla ni siku yenyewe tu. Sababu zake zilikuwa zimeanikwa hadharani tangu Mei 1997, Kabila alipoingia Kinshasa akisindikizwa na askari wa Rwanda na Uganda. Mkuu wa majeshi ya Kongo alikuwa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Ni nchi gani nyingine duniani iliyowahi kumkabidhi jirani ufunguo wa ghala lake la silaha kisha ikashangaa?

Julai 1998 Kabila alimwondoa Kabarebe kwenye cheo hicho, na mwisho wa mwezi akawaamuru askari wa kigeni warudi kwao. Siku chache baadaye bunduki zikalia. Kigali ilisema inawasaka Interahamwe na wanajeshi wa utawala ulioua watu mwaka 1994. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, maana watu hao walikuwepo kweli mashariki mwa Kongo na Kabila akaja kuwatumia vitani. Na Banyamulenge nao walikuwa na madai yao halali, kwa kuwa sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwaacha wengi wao wakihesabiwa kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Lakini mtu anayesaka wauaji mpakani hapandi ndege kwenda Bahari ya Atlantiki.

Hapo ndipo penye siri ya vita ile. Agosti 4, Kabarebe alipakia askari wake katika ndege za kiraia zilizotekwa uwanja wa Goma, akaruka zaidi ya kilomita 1,500 hadi kambi ya Kitona, karibu na bahari. Pale walikuwepo maelfu ya askari wa zamani wa Mobutu, waliowekwa kambini eti wafundishwe upya, wana njaa na hasira. Wengi walijiunga naye. Katikati ya mwezi bwawa la Inga likaanguka mikononi mwao na Kinshasa ikaingia gizani. Mpango ulikuwa wazi: kuiangusha serikali kwa wiki mbili tatu, dunia ikiwa bado inauliza nani ni nani.

Uliharibiwa na Angola, iliyoogopa Savimbi na UNITA wasipate mlango mpya, pamoja na askari wa Zimbabwe waliosimama uwanja wa ndege wa Ndjili. Waasi walifika hadi Masina na Kimbanseke. Huko wananchi waliwakamata waliowashuku na kuwachoma moto kwa matairi. Miongoni mwa waliouawa mjini wamo Watutsi ambao hawakuwahi kushika bunduki. Viongozi wa Kinshasa walichochea kwa maneno; mmoja wao, Yerodia Ndombasi, alitolewa hati ya kukamatwa na Ubelgiji mwaka 2000, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaifuta mwaka 2002 kwa sababu alikuwa waziri wa mambo ya nje ilipotolewa. Tunayasema haya kwa sababu wengi wetu tunaolaani ya Kasika na Makobola, ambako raia walichinjwa na upande wa RCD na washirika wake, tunanyamaza tukifika Kinshasa.

Shambulio la haraka liliposhindwa, ikabaki vita ya kukaa. Nchi ikakatwa vipande, na kila kipande kikawa na madini yake na mnunuzi wake. Juni 2000 Rwanda na Uganda, washirika wa jana, walipigana wao kwa wao Kisangani kwa siku sita na kuua mamia ya raia. Utafiti wa shirika la IRC ulikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kati ya 1998 na 2007, wengi kwa malaria, kuhara na utapiamlo. Hesabu hiyo inabishaniwa na wataalamu. Waliozika watoto njiani kuelekea Kigoma hawakuwa na muda wa kuhesabu.

Na nani amelipa? Uganda ilitiwa hatiani na Mahakama hiyo mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda ilitupwa mwaka 2006 bila kusikilizwa kiini chake, kwa kuwa Mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Kabarebe amepanda hadi uwaziri. Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo, wiki chache baada ya M23 kuiteka Goma, na siku chache baada ya Bukavu.

Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba mjini Washington. Tumeusoma. Unataja kuwamaliza FDLR, unataja Rwanda kuondoa hatua zake za kujilinda, unataja biashara ya madini. Lusaka mwaka 1999 ilitaja kuondoka kwa majeshi na kunyang'anywa silaha kwa makundi, Pretoria mwaka 2002 ikarudia. Mahakama ya kuwahukumu waliopanga Agosti 2, na waliojibu kwa matairi, hatukuiona katika ukurasa wowote.