Acheni Kuuziwa Kasi, Kinachotukosesha ni Hewa

Leo nimekuja na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Wiki jana mama mmoja wa ghorofa ya tatu katika ploti yetu hapa Nairobi aliniita nimtazamie intaneti yake, maana watu wakijua unaandika programu basi wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya. Binti yake anasomea uuguzi na baadhi ya masomo ni ya mtandaoni. Ikifika saa mbili usiku picha ya mwalimu inaganda, sauti inakatika, na msichana anatupwa nje ya darasa. Mama alikuwa amewapigia simu wanaomuuzia intaneti mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: mama, ongeza kifurushi. Akaongeza. Kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kisha hadi 40. Malipo ya mwezi yalianza kwa shilingi elfu mbili na kitu, sasa yamepita elfu nne. Darasa bado linaganda.

Nikachomeka kebo kutoka kwa ruta hadi kwenye laptopu yangu: megabiti 39. Nikaichomoa, nikajaribu kwa waifai nikiwa kwenye kochi lile lile, mita nne kutoka kwa ruta: megabiti 3, mara 2, mara kimya.

Sasa niambieni, hizo 40 aliuziwa za nini? Ni kama kumuuzia mtu tangi la lita elfu tano wakati bomba la kuingia nyumbani kwake limeziba. Aliyepokea simu yake angeweza kugundua hivyo kwa dakika mbili. Hata wewe unaweza. Ipigie pingi ruta yako mwenyewe, si tovuti ya ng'ambo. Mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwa kebo, jibu hurudi kwa milisekunde moja hivi. Kwa waifai ya mama yule lilikuwa linarudi kwa 4, halafu 310, halafu 90, halafu halirudi kabisa. Ruta iko pale karibu na televisheni, naiona kwa macho! Pakiti ikipotea kati ya kochi na televisheni, kifurushi kikubwa zaidi kitasaidia nini?

Nadhani tabia hii ya kulaumu laini tuliirithi. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka wa 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na kweli tatizo lilikuwa huko mbali. Kila kitu kikikwama ungesema laini ni ndogo na usingekosea. Leo laini imenenepa, na pa kukwama pamehamia sebuleni.

Nilifungua programu ya simu inayoonyesha mitandao ya waifai iliyo karibu. Saa mbili na nusu usiku nilihesabu mitandao 37 kutoka kochi moja. Yote inagombania masafa ya gigahezi 2.4, ambayo upana wake, tangu megahezi 2400 hadi 2483.5, ni megahezi 83.5 tu. Masafa haya yalikuwa yameachiwa mashine kama oveni za maikrowevu, ndiyo maana oveni ya jirani nayo hukuvuruga. Mwaka wa 1985 Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano kuyatumia bila leseni ya mtu mmoja mmoja, na huko ndiko waifai ilikotoka. Hakuna mwenyewe. Huwezi kwenda kumshtaki jirani popote.

Ruta itakuonyesha chaneli 11 au 13 ukadhani una nafasi tele. Ni udanganyifu wa hesabu. Chaneli zimepishana kwa megahezi 5, lakini kila mtandao unakalia takriban megahezi 20. Zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Watu wengi hawalijui jambo linalofuata hapo, na hata mimi lilinipita kwa miaka. Mitandao miwili ikiwa kwenye chaneli moja, inasikilizana. Mmoja akizungumza mwingine anangoja zamu, kama abiria wenye adabu kwenye foleni ya matatu. Mnaenda polepole, lakini mnaenda. Mmoja akikaa chaneli 4, kati ya 1 na 6, haeleweki na yeyote. Kwao yeye ni kelele tu. Na kanuni za waifai zinasema kifaa kimpishe mwenzake anayeeleweka hata akisikika kwa unyonge, lakini kelele isiyoeleweka kinaipisha ikiwa tu ina nguvu mara mia zaidi. Ikiwa chini ya hapo, kinazungumza juu yake, pakiti zinagongana, na kila mtu anaanza upya.

Nikatazama ni nani huyo mpumbavu aliye chaneli 4, ameipanua hadi megahezi 40 na kuweka nguvu ya juu kabisa, tena mwenye mitandao mitatu yenye majina ya kuchekesha.

Alikuwa mimi.

Ndiyo. Miaka miwili iliyopita niliiona chaneli 4 haina mtu nikajiona mjanja kuliko ploti nzima. Megahezi 40 niliwasha kwa sababu maandishi yalisema ni kasi maradufu. Kwenye masafa yenye 83.5 tu, hapo nilikuwa nimenyakua nusu ya kiwanja! Nguvu ya juu niliweka kwa sababu... sijui, kwa sababu ilikuwepo. Na haikunisaidia chochote, kwani ruta ikipiga kelele, simu yako haipati nguvu ya kuijibu. Unakuwa kama mtu mwenye kipaza sauti anayeongea na mtu anayenong'ona: jirani wote wamekusikia, wewe humsikii unayezungumza naye.

Mitandao yangu mitatu nayo ina gharama. Kila jina la waifai hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, na kwenye ruta nyingi hujitangaza kwa lugha ya zamani ya mwaka wa 1997, megabiti 1 kwa sekunde, ili vifaa vya wakati ule vielewe. Piga hesabu. Tangazo la baiti 250 kwa mwendo huo huchukua milisekunde 2. Mara kumi, ni asilimia 2 ya hewa. Majina 15 yakirundikana chaneli moja, asilimia 30 imekwisha kabla hata mtu mmoja hajafungua barua pepe. Kama ruta yako ina mahali pa kuchagua "b/g/n", ondoa hiyo b. Sijamwona mtu mwenye kifaa cha b pekee siku nyingi sana.

Kwa hivyo, enyi mafundi mnaokuja kufunga intaneti majumbani: mnatoboa ukuta, mnaficha ruta nyuma ya televisheni ili ipendeze, mnapima kasi mkiwa mmesimama mbele yake saa nne asubuhi wakati ploti nzima iko kazini, mnapewa sahihi, mnaenda. Hamuulizi mtandao upi uko wapi. Mteja akilalamika mnamuuzia kifurushi, na akilalamika tena mnamuuzia repita! Repita ya kawaida hupokea pakiti na kuirusha tena kwenye chaneli ile ile. Hewa ambayo haikutosha mara moja sasa inatumika mara mbili. Huko ni kuuza ugonjwa kama dawa.

Najua mtakaloniambia: hamia gigahezi 5. Sawa, hamieni, nami nasema hivyo hivyo. Kuna chaneli nyingi zaidi na kuta zetu za mawe zinageuka kuwa faida, maana mawimbi hayo hayapenyi vizuri hadi kwa jirani. Lakini hayapenyi vizuri hadi chumba chako cha kulala pia. Na binti wa yule mama anasomea simu ya bei nafuu isiyojua gigahezi 5 ni kitu gani. Tukimjibu "nunua simu mpya" tutakuwa tumejiunga na wale wa kifurushi.

Wenye ploti nao wasijifiche. Mnamwaga zege ghorofa saba na hamlazi hata bomba moja jembamba la kupitishia kebo kutoka sebuleni hadi chumbani, wakati kebo ya kawaida ya mtandao hubeba gigabiti nzima hadi mita 100 bila kujali jirani anapika nini kwenye maikrowevu.

Nilichofanya nitakisema upesi. Nilirudi chaneli 6, megahezi 20, nguvu nikaishusha, mitandao miwili nikaiua. Televisheni ya mama tuliiunganisha kwa kebo, maana ndiyo iliyokuwa inanyonya hewa usiku kucha. Ruta yake ikatoka nyuma ya televisheni ikapanda juu ya kabati, chaneli 1. Kisha nikaandika kwenye kikundi cha ploti, kile cha kulalamikia maji na takataka, nikakiri kosa langu na kuomba watu wanifungulie milango. Tisa walikubali. Wawili walidhani nataka nywila zao.

Pingi ya mama sasa inacheza kati ya 3 na 25 usiku, mara moja moja 60. Si maajabu, ploti ya ng'ambo ya barabara bado inatupigia kelele na hatuna kikundi nao. Lakini Jumanne binti alimaliza darasa zima. Mama amepiga simu arudishwe kifurushi cha megabiti 10, na ameambiwa kupandisha ni papo hapo ila kushusha kunahitaji ajaze fomu na kungoja mwezi uishe.

Amebaki mkaidi mmoja ghorofa ya tano, chaneli 9, megahezi 40. Jumamosi nampandia na kebo ya mita kumi mkononi.