Kabla ya Ada, Kitanda

Mzazi wa Palma au Mocímboa da Praia mwenye mtoto wa darasa la 12 huanza kwa kuuliza ada. Ni swali la haki, ila humchelewesha kufika penye gharama yenyewe. Katika vyuo vikuu vya umma vya Msumbiji, anayesoma zamu ya mchana hulipa ada ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuishi mjini. Pesa huishia kwenye kodi ya chumba, chakula, nauli ya likizo na, tangu vita, kwenye kumchangia shangazi aliyempokea kijana huku naye mwenyewe akiwa mkimbizi. Ndiyo maana nasema familia za mwambao huu zichague chuo kwa kuangalia kwanza mtoto atalala wapi na atakula nini, na serikali pamoja na kampuni za gesi zipime msaada wao kwa kipimo hichohicho.

Kutoka Palma hadi Pemba ni takribani kilomita 400, na barabara hiyo ipitayo Macomia imeshambuliwa mara nyingi tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kusini mwa Pemba. Hata hivyo, vyuo vilivyo karibu si haba. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006 ili kaskazini ipate chuo chake cha umma, kinafundisha uhandisi papo hapo Pemba. Udaktari na famasia viko Nampula. Chuo Kikuu cha Rovuma, kilichozaliwa mwaka 2019 baada ya Universidade Pedagógica kugawanywa, kina tawi Montepuez. Chuo Kikuu Katoliki kina kitivo Pemba, lakini hicho ni cha binafsi na bei yake ni nyingine. Mzazi awe macho hata kwenye vyuo vya umma, kwa sababu vingi vina zamu ya jioni inayolipiwa kila mwezi. Kijana aliyekosa nafasi ya mchana huingia huko akidhani bei ni ileile, na deni linamkuta katikati ya mwaka.

Nafasi ya mchana hupatikana kwa mtihani wa kujiunga, na hapa ndipo vita vilipowaumiza zaidi watoto wetu. Aliyezaliwa mwaka 2008 alikuwa na miaka tisa bunduki zilipoanza kulia. Aprili 2019 kilikuja kimbunga Kenneth. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Agosti mwaka huohuo waasi wakauteka mji wa Mocímboa da Praia na kuushika mwaka mzima. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mtoto aliyepita humo anaweza kufika darasa la 10 huku hisabati yake ikiwa imeishia darasa la sita. Tena mtihani ni wa Kireno, wakati nyumbani na sokoni ni Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Kwa hiyo maandalizi hayawezi kungoja darasa la 12. Yaanze darasa la 10, kwa mitihani ya miaka iliyopita, kikundi kidogo cha vijana, na mwalimu ambaye wazazi kadhaa wanamlipa kwa kuchangiana. Anayelenga uhandisi ashike hisabati na fizikia. Anayelenga afya ashike baiolojia na kemia. Fedha hiyo huirudishia familia faida mapema, maana kila mtoto anayeingia zamu ya mchana ameiepusha na miaka ya malipo ya jioni.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na Pemba wakati Mtwara ni pua na mdomo, ndugu wako huko na lugha ni moja. Kwa kozi fupi ya ufundi, na kama ndugu wa kumlaza yupo kweli, sina ubishi. Kwa chuo kikuu hesabu inageuka. Kiswahili kitamfaa kijana sokoni na msikitini, lakini Tanzania hufundisha sekondari na vyuo vikuu kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyesomeshwa kwa Kireno huanza upya. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ni ya raia wa Tanzania. Akirudi, itabidi cheti chake kitambuliwe rasmi kwanza. Wengine huwapeleka vijana kusoma dini Saudia, njia ya kale na yenye heshima katika pwani hii. Tuangalie kinachoifanya njia hiyo iwezekane kwa mtoto wa mvuvi: mara nyingi kitanda na chakula hutolewa. Serikali inayolalamika kwamba vijana wanakwenda mbali ingejifunza hapo.

Hoja nyingine inasema gesi inataka mafundi, chuo kikuu ni kupoteza wakati. Nusu yake naikubali. Kwa familia yenye kipato kidogo, chuo cha ufundi cha ngazi ya kati mjini Pemba, kiwe cha viwanda na biashara au cha sayansi za afya, mara nyingi ni bora kuliko shahada: miaka ni michache, cheti kinatambulika, na mlango wa chuo kikuu haufungwi. Lakini kozi ya wiki chache isiyo na cheti kinachotambulika humfunga kijana kwenye ujenzi wa mtambo wa gesi huko Afungi, na mtambo ukishajengwa wajenzi huondoka. Kweli, wapo pia walimu na wauguzi waliohitimu ambao bado wanasubiri ajira ya serikali, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Hilo linazidisha sababu ya kutokopa wala kuuza shamba kwa ajili ya chuo cha mbali.

Kwa binti, suala la malazi ndilo huamua yote. Sheria namba 19 ya mwaka 2019 imepiga marufuku ndoa za walio chini ya miaka 18, lakini sheria haimpi msichana mahali salama pa kulala Pemba, na mama anayekataa kumwachia binti akapange chumba peke yake mjini ana sababu. Msumbiji hutenga asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji wa madini na petroli kwa jamii za maeneo yanakochimbwa. Naona sehemu ya fedha za namna hiyo, na za misaada ya kampuni, ijenge bweni Pemba kwa wanafunzi wa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na Ibo. Watu wa Palma watauliza kwa nini fedha zao zijenge mji mwingine wakati visima na zahanati havijatosha. Uchungu huo ni halali, na bweni lisichukue fedha za maji. Lakini zahanati ya Palma itahitaji muuguzi aliyezaliwa Palma, na kwa sasa huyo hawezi kusoma bila kulala Pemba. Ufadhili wa mtu mmoja Maputo humsomesha mmoja. Bweni hupokea kundi jipya kila mwaka. Nafasi zake zigawanywe kwa wilaya, nusu ziwe za wasichana, na majina ya waliopata yabandikwe hadharani katika kila wilaya, ili mzazi asiye na jamaa ofisini aone kama mtoto wake ameachwa kwa alama au kwa upendeleo.