Mafurungu ya Mama Kwenye Mizani

Hivi karibuni tulikaa na familia moja hapa Kwa Mathias, Kibaha, baada ya hitma ya mama yao. Ndani ya sanduku la marehemu, chini ya kanga, yalikutwa mafurungu mawili ya fedha, kekee moja na kidani. Mtoto wa kiume alikwisha kuvipeleka kwa sonara, akarudi na jibu fupi: vitapimwa kwa gramu, kisha vitayeyushwa. Tuliwaomba wasubiri.

Katika karne ya 19, huko Unguja, Lamu na kwingineko mwambaoni, fedha ya mapambo ilitoka kwa wingi kwenye reale, sarafu yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Reale moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha safi. Hata zilizopigwa miaka mingi baada ya kifo chake zina mwaka ule ule, 1780. Kwa hiyo aliyempelekea mfua fedha reale zake alijua hasa kilichoingia katika kekee yake.

Kisha ikaja kazi ya mkono. Mfuaji aliyeyusha sarafu, akaimimina kwenye kalibu, akaifua kwa nyundo na kuirudisha motoni kila ilipokakamaa, isije ikapasuka. Waya aliuvuta katika matundu ya chamburo, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka ukawa kama uzi. Akausokota, akaulehemu juu ya bamba. Waturkmeni wa Asia ya Kati nao walifua mapambo ya namna hiyo na kuyatia akiki. Kwao na kwetu, pambo lilikuwa pia akiba ya mwanamke. Si ajabu Kiswahili kikaita madini haya na pesa kwa jina moja.

Mizani hupima fedha. Haipimi siku za mfuaji. Anayeuza kwa gramu hupoteza thamani ya kazi, na hasara hiyo huwaangukia warithi wote, mabinti wakiwamo. Basi, baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia, aitwe mjuzi wa vyombo vya kale asiye mnunuzi, avithamini mbele ya warithi. Anayetaka kubaki na kitu akichukue katika fungu lake, kwa bei waliyoridhiana.

Ndivyo walivyofanya. Binti mkubwa alichukua mafurungu, mdogo wake kekee. Kidani kiliuzwa, kwa kuwa kaka yao ana ada ya shule ya kulipa, na hilo nalo ni haki yake. Lakini kiliuzwa kikiwa kidani, si gramu.