Mgeni Aje, Mwenyeji Asihame

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame. Lakini kuhama ndiko kunakotokea katika miji mingi ya kitalii, na Mji Mkongwe wa Zanzibar haukusalimika.

Hesabu yake ni nyepesi. Mpangaji hulipa kodi kwa mwezi. Mtalii hulipa kwa usiku, tena kwa dola. Mwenye nyumba akiona siku chache za mgeni zinamletea kodi ya mwezi mzima, humwambia mpangaji afungashe, kisha huitangaza nyumba kwa watalii kwenye mtandao wa Airbnb. Ikiwa moja, si neno. Zikifika mia, nyumba za kupanga huadimika, kodi hupanda, na mwalimu na muuza samaki huhamia mbali na kazi zao, nauli ikila kile kidogo walichobakiwa nacho.

Wenzetu yamekwishawafika. Juni 2024, Meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za watalii hazitahuishwa, zote ziwe zimekwisha ifikapo Novemba 2028. New York, tangu Septemba 2023, apangishaye kwa siku zisizofika 30 sharti ajiandikishe, akae humo humo na wageni wake, nao wasizidi wawili. Sheria hiyo imerudia hekima ya wazee wetu: pasipo mwenyeji, hapana ugeni.

Najua wenye nyumba watajibu kwamba kuta za mawe na chokaa zataka fedha za matengenezo, na mvua haingoji. Ni kweli, wala simnyimi mtu riziki yake. Anayeishi chini akampa mgeni chumba cha juu, apewe leseni na shukrani. Lakini mtu mwenye nyumba kumi asizoishi hata moja anaendesha hoteli. Afuate masharti ya hoteli, na Serikali iweke kikomo cha nyumba hizo mtaa kwa mtaa.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango ya nakshi ni sehemu ya urithi huo. Sehemu nyingine ni baraza zenye watu jioni, watoto wanaokwenda chuoni, na jirani anayejua nani mgonjwa. Ndugu zangu, tuwalinde hao leo, ili mgeni akipiga hodi awepo wa kumwitikia karibu.