Si mafuta mazito, ni mafuta yenye nta

Hivi karibuni nilisikia redio moja ikieleza habari za bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania. Mtangazaji alisema kwamba bomba hilo litapashwa moto njia nzima «kwa sababu mafuta ya Ziwa Albert ni mazito». Neno hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika. Naona si sahihi, na kosa si la wahandisi. Ni letu sisi tunaosomea lugha, maana kazi ya kutafsiri habari kama hizo hufanywa na watu waliotoka katika vitivo kama hiki chetu.

Katika Kiswahili uzito una sura mbili: uzito wa mizani na uzito wa uji. Wataalamu wa petroli nao wana mafuta wanayoyaita mazito, kama yale ya ukanda wa Orinoco kule Venezuela, ambayo hutiririka kwa shida hata penye joto. Lakini sababu ya kupasha moto bomba la Tanga ni nyingine: mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakiwa moto hutiririka. Yakipoa hadi kama nyuzi 40 huganda. Ndiyo maana bomba hilo la kilomita 1,443 limepangwa lisipungue nyuzi 50.

Aliyekulia Bukavu hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Asubuhi ya baridi, mama muuza mawese huanika bidoni juani kabla ya kumpimia mteja. Mawese si petroli, na kinachoganda humo si nta ile ile, lakini mwenendo unafanana.

Nta ya petroli ni molekuli ndefu za kaboni na hidrojeni zilizoyeyuka ndani ya mafuta. Mafuta yakipoa, molekuli hizo hujipanga na kuwa fuwele. Ndani ya bomba, ukuta ndio hupoa kwanza. Nta iliyo karibu na ukuta ikigeuka fuwele, mafuta ya hapo hubaki na nta iliyoyeyuka kidogo kuliko mafuta ya katikati. Basi molekuli za nta husogea kutoka penye nyingi kwenda penye chache, bila pampu kuzisukuma upande huo. Huo ndio msambao, jambo ambalo Adolf Fick aliliwekea kanuni mwaka 1855. Utando wa nta hukua ukutani na njia huwa nyembamba. Tena utando huo hukomaa: mafuta yaliyonaswa ndani yake hutoka polepole, nta huzidi kuingia, nao huwa mgumu. Na mafuta yakisimama bombani huku joto likikatika, fuwele hushikana kama wavu, na kuyasukuma tena huwa kazi kubwa.

Sasa tulinganishe maneno. Mkulima akiambiwa «mafuta ni mazito», atadhani pampu yenye nguvu itatosha. Akiambiwa «mafuta yana nta, yakipoa yanaganda», ataweza kuuliza: umeme ukikatika siku kadhaa, bomba lililopita shambani mwangu litakuwaje? Nani atakuja kulizibua, na kwa njia gani? Maswali hayo ni haki yake. Tafsiri mbaya humnyang'anya bila yeye kujua.

Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba wahandisi wana Kifaransa na Kiingereza chao, hawahitaji Kiswahili chetu. Ni kweli, wao hawakihitaji. Lakini ardhi si yao. Nasi Wakongo tusidhani hayo ni mambo ya jirani: nusu ya ziwa hilo ni yetu. Mwaka 2022 Serikali ilipotangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vya upande wetu wa bonde la Ziwa Albert vilikuwamo. Mnada ule ulifutwa mwaka 2024, lakini jambo lenyewe linaweza kurudi. Siku likifika Ituri, mikutano ya vijijini itafanywa kwa Kiswahili, na mkalimani atakuwa mmoja wetu.

Maneno hatuyakosi. «Nta» tunayo tangu zamani. «Fuwele» imo kamusini. «Msambao» linaeleweka kuliko neno la Kifaransa lililobandikwa irabu mwishoni. Ila tuwe waangalifu na «kuganda», kitenzi kinachobeba maji, damu, maziwa na mawese. Mafuta huanza kuwa na fuwele yakiwa bado yanatiririka. Kuganda huja baadaye, kwenye joto la chini zaidi. Wahandisi hupima nyuzi hizo mbili kila moja peke yake. Tukizichanganya katika neno moja, tutakuwa tumerudia kosa la «mazito».

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wakubali kazi za kumaliza masomo zinazohusu istilahi za namna hii, na wanafunzi wenzangu wasiziogope kwa kuwa zina harufu ya kemia. Tuanzie kwa mama wa mawese, kisha twende kwa mhandisi. Kila mmoja ana nusu ya neno tunalolitafuta.