Mpaka Lianguke Ndipo Tulie?

Haya, leo sina salamu ndefu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu tarehe 25 Desemba 2020, na kila nikipita Forodhani linapanda tena. Leo nalitoa.

Siku ile sehemu kubwa ya mbele ya Beit el Ajaib, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati jumba likifanyiwa matengenezo. Watu wawili walikufa. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883! Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 haikuliangusha. Limekuja kuanguka mikononi mwetu.

Nilikuwa mgeni katika chumba cha habari. Simu zikalia, picha zikamiminika, kila mtu akaandika "urithi wa dunia", maana Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Katikati ya pilikapilika, mwenzangu mmoja, msomi mwenye shahada yake, akaniinamia: "Hivi mle ndani kulikuwa na nini?"

Nikamwambia: mle kulikuwa na makumbusho, na ndani ya makumbusho kulikuwa na mtepe.

Nilipelekwa na babu nikiwa darasa la nne. Tuliingia kutoka juani, na pale ukumbini, chini kabisa, tukakuta chombo kizima, kirefu kuliko nyumba yetu. Mtepe ule uliundwa Zanzibar mwaka 2003 kwa kuiga mitepe ya zamani ya visiwa vya Lamu, ambayo ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Nikauzunguka mara mbili nikitafuta misumari. Sikuona hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Nikamuuliza babu, misumari iko wapi? Akacheka: "Mjukuu wangu, kanzu yako ina misumari? Mbona haijakuachia?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha historia kwa sentensi fupi namna ile. Baadaye chuoni nikasoma kwamba mabaharia wa Kiyunani waliandika habari za mashua za kushonwa katika pwani hii karibu miaka 2000 iliyopita. Mimi nilikuwa nimeshaziamini, kwa sababu nilikuwa nimeuona mshono.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ya jumba lile ilianguka, na wageni wakazuiwa kuingia. Kutoka 2012 mpaka 2020 ni miaka minane. Miaka minane, jamani! Sisi waandishi tuliuliza maswali mangapi? Nani alifuatilia bajeti? Nani alidai kuona ripoti ya mhandisi? Tulipita pale jioni kula pizza na urojo, tukapiga picha jumba likiwa nyuma yetu, tukaenda zetu. Siku lilipoanguka tukajifanya wafiwa wa karibu.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Makumbusho ni ya watalii." Nani kasema? Kiingilio cha mwananchi huwa ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Familia inayonunua chipsi kuku kila Jumamosi haiwezi kuniambia imeshindwa na tiketi. La pili: "Watoto watachoka." Mtoto hachoki na chombo cha baharini. Anachoka na mzazi anayetazama simu.

La tatu lina ukweli, nalikubali: makumbusho yetu mengi yanajua neno moja tu, "Usiguse". Jahazi limefungiwa kwenye kioo kama vile aliyeliunda alikufa zama za mawe, wakati Nungwi mafundi wanaunda vyombo ufukweni, tezo mkononi. Kwa nini fundi mmoja asilipwe akae pale Jumamosi, amshikishe mtoto keekee, amwonyeshe namna ya kutia kalafati? Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Linahitaji meneja mwenye akili na wazazi wenye kudai.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kitu kisichotembelewa na wenyewe hakina mlinzi. Watalii wakikuta mlango umefungwa wanapanda boti kwenda kwingine. Mama aliyemuahidi mwanawe kumwonyesha mtepe atauliza kwa nini umefungwa, na utafunguliwa lini. Akina mama 1000 wakiuliza, waziri atatafuta jibu.

Wala usiniambie kwamba hakuna pa kwenda. Aliye Mombasa ana Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Mle kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Aliye Lamu ana makumbusho yenye mifano ya vyombo vya pwani nzima. Aliye Unguja aende Nungwi amsalimie fundi. Chukua mtoto wako, au wa dada yako, au wa jirani. Ukikuta paa linavuja, piga picha, andika, piga kelele. Usingoje vumbi na maiti.

Nimemaliza. Wenye matusi karibuni, wenye hoja karibuni zaidi.