Diski za sauti bora: Tunalilia chombo au sauti?

Juzi nilibeba katoni ndogo ya sidii hadi kwenye kibanda kimoja karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, pale ambapo vijana huwatilia wateja nyimbo kwenye flashi. Ndani ya katoni hiyo mlikuwa na sidii 38 nilizozichoma kwa mkono wangu mwaka 2004, nilipokuwa nikikusanya masimulizi ya wazee wa Mwala na Kathiani kwa ajili ya shahada ya uzamili. Kijana akazitazama, akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, hizi mashine za siku hizi hazina mlango wa sidii. Hata ile ya zamani tuliiuza kama vyuma."

Akanielekeza kwa fundi wa redio aliyekuwa na tarakilishi kuukuu. Kati ya sidii 38, tulifaulu kuzisoma 21. Zilizobaki zilizunguka, zikalia kama panya darini, kisha mashine ikazitema. Wazee niliowarekodi walikuwa 11. Walio hai leo ni wawili.

Nilirudi nyumbani nikiufikiria mjadala ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiwashughulisha wapenzi wa muziki huko Ulaya, Marekani na Japani: je, diski za sauti ya hali ya juu zina maisha gani mbele yake? Msomaji ambaye hajawahi kuziona asijilaumu. Mimi mwenyewe sijaiona hata moja ikiuzwa katika mji huu. Hata hivyo, kisa chake kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1999, kampuni za Sony na Philips, zilezile zilizotuletea sidii mwaka 1982, zilizindua chombo kiitwacho Super Audio CD. Mwaka uliofuata kambi pinzani, iliyokuwa na Toshiba na wenye Panasonic, ikajibu kwa DVD-Audio. Sidii ya kawaida huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. DVD-Audio iliweza kupima hadi mara 192,000 kwa biti 24. Super Audio CD ilifuata njia nyingine: biti moja tu, lakini zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Mnunuzi akawatazama mafahali hao wawili wakipigana, akaamua kwamba yeye hatakuwa nyasi. Akabaki na sidii zake, na vijana wake wakakimbilia MP3, ambayo sauti yake ilikuwa duni zaidi lakini iliingia mfukoni. DVD-Audio imekufa. Super Audio CD inaishi kwa kampuni chache za muziki wa kale wa Kizungu na kwa wateja waaminifu wa Japani. Kampuni ya Oppo, ambayo mashine zake zilikuwa kimbilio la wapenzi hao, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha kuzitengeneza. Na Februari 2025 Sony ilikoma kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia.

Je, tuomboleze? Kwa upande wa starehe ya masikio, sioni sababu. Sikio la binadamu mwenye afya husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na umri ukisonga hupungua. Sidii ya 1982 ilikwisha kufika hapo. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuwachezea watu muziki wa diski hizo bora, na muziki uleule ukiwa umeshushwa hadi kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na mtu anayerusha sarafu. Wako wanaolipinga jaribio hilo hadi leo, na hasa, nadhani, wale waliokwisha kulipia mashine.

Lakini kuna kazi nyingine ya sauti, nayo si starehe. Sisi tunaofanya isimu tunaijua. Kikamba kina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na irabu hizo huweza kuwa fupi au ndefu. Isitoshe, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Mwandishi wa kawaida haziandiki toni hizo. Kwa hiyo mzee anapofariki, maandishi tuliyonayo hubaki kama mifupa. Nyama iko kwenye rekodi, kama ipo. Sasa mtazame anayerekodi kwa simu na kuibana sauti hadi iwe faili ndogo ya kutumwa haraka. Simu ya zamani ilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, na ndiyo sababu mtu akikutajia jina lenye "s" hukuuliza kama umesikia "f". Vikwamizi hivyo hukaa juu, penye sehemu ya kwanza kutupwa sauti inapobanwa. Anayesikiliza wimbo hapotezi kitu kikubwa. Atakayetaka kujua mwaka 2080 jinsi bibi yake alivyotamka atakuwa amepotezewa ushahidi. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti kinapendekeza kiwango kisichopungua vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24. Ubora ule uliodharauliwa sokoni ndio unaotakiwa makavazini.

Basi kilichoziua diski hizo kwangu mimi si ubora wake. Ni kufuli. Super Audio CD ilitengenezwa makusudi isinakilike: tarakilishi ya kawaida haikuweza kuisoma, na mashine yenyewe haikuruhusiwa kutoa sauti hiyo ghafi nje. DVD-Audio nayo ilifungwa kwa fumbo lake. Siku mashine ya mwisho yenye kibali itakapoharibika, hazina hiyo itakuwa bakuli lisilofunguka. Linganisha na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri hizo zilizosalia zinachezeka hadi leo, kwa kuwa hazihitaji kibali cha mtu. Zinahitaji sindano na kitu cha kuzizungusha. Fundi wangu wa redio angeweza kuziunda.

Hapa najua nitajibiwa na wanamuziki, na wana haki. Kufuli hizo zilitokana na wizi, na sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa habari za wizi huo. Kanda za kaseti zilipoenea miaka ya 1980, wanakili haramu waliwakausha watunzi na watengenezaji wa santuri wa River Road. Mpiga gitaa wa Ukambani alisikia wimbo wake katika kila gari la abiria, naye hana nauli ya kupandia. Siwezi kuuita wizi huo wema. Ila ukweli mchungu ni kwamba baadhi ya nyimbo za enzi hiyo tunazo leo kwa sababu tu kuna aliyeziiba kwenye kanda. Mali ya msanii na kumbukumbu ya jamii zinavutana, na anayekuambia hazivutani hajakaa na upande mmojawapo.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 imejaribu kuweka mpaka: rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baadaye. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa santuri iliyorekodiwa mwaka 1975, enzi ambayo Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walikuwa wakianza kutikisa kumbi, ulifikia kikomo mwisho wa 2025 kwa upande wa rekodi. Tungo za Kakai, aliyefariki mwaka 1987, zitalindwa hadi mwisho wa 2037. Sheria ina tarehe. Kufuli ya diski haina. Sheria itakapoifungua rekodi ya mwaka 2001, kufuli itakuwa bado imekaza na ufunguo umetupwa.

Wengine husema mtandao umelimaliza tatizo. Ni kweli kwamba tangu 2021 Apple inawapa wateja wake wa muziki sauti isiyobanwa, hata ya biti 24, bila kuwatoza zaidi. Lakini huko mtu hukodi. Akikosa kulipa, au kampuni ikifuta, hana chake. Na sauti ya biti 24 hula bando kama nzige. Aidha, nani atawapandisha wazee wangu wa Mwala huko?

Ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji diski ya aina yoyote. Vyuo vyetu vikuu hudai tasnifu ipigwe chapa na kujaladiwa nakala kadhaa, tena kwa rangi maalumu ya jalada, lakini rekodi ambazo tasnifu hiyo imesimama juu yake humwachia mwanafunzi aende nazo nyumbani. Chuo nilikosomea hakikuniuliza hata siku moja ziko wapi. Mwanafunzi wa lugha asihitimu kabla hajakabidhi rekodi zake kwa maktaba, zikiwa hazijabanwa, katika faili lisilo na kufuli, nakala mbili katika majengo mawili, na awepo mtu anayelipwa kuzihamishia kwenye chombo kipya kila baada ya miaka michache. Gharama ya kazi hiyo haifikii ile ya mahafali moja. Nami kama mwalimu nimeanza na wanafunzi wangu mwaka huu, ingawa wawili wamekwisha kulalamika kwamba faili ni kubwa mno.

Sidii 17 bado zimo katika katoni. Fundi anasema huenda mashine nyingine, yenye taa kali zaidi, ikazisoma mbili au tatu. Mmoja wa wale wazee wawili walio hai anaishi ng'ambo ya Mto Athi. Nitakwenda kwake Jumamosi na kinasa sauti, nimwombe aanze upya.